Sifuri Tatu za Sumaku: Kwa Nini Wanasayansi Hukiuliza Kiini cha Atomi

Aliyekulia uswahilini anaujua mchezo huu. Spika ya redio ikiungua, watoto wanaivunja, wanatoa lile duara jeusi lililokaa nyuma yake, wanalifunga uzi na kuliburuta kwenye mchanga wa barabarani. Hatua chache tu, sumaku imeota ndevu: chembe nyeusi zimesimama wima kama manyoya ya paka aliyeshtuka. Lakini iburute sumaku ileile juu ya udongo mwekundu, ule unaoharibu soksi nyeupe za wanafunzi, na mara nyingi utaambulia kidogo sana au usipate kitu. Hapo pana jambo la kushangaza, maana wekundu wa udongo huo unatokana na chuma. Chuma kimo, tena kwa wingi, ila sumaku inapita juu yake kama vile hakipo.

Chuma hicho kimeupeleka wapi usumaku wake? Jibu la uhakika lilipatikana pale wanasayansi walipoacha kutegemea sumaku peke yake na kuanza kukiuliza kiini cha atomi. Njia za kukiuliza huitwa mbinu za kinyuklia, na jina hilo limezifanya ziogopwe bure. Tangu habari za urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo na mipango ya Kenya ya kujenga kinu cha umeme wa nyuklia zianze kusikika, neno “nyuklia” likitajwa kijiweni watu huwaza mambo mawili tu, bomu na sumu. Tulifungue fundo hili taratibu.

Kila kitu kimejengwa kwa atomi, na katikati ya atomi kuna kiini. Kiini ni kidogo mno: atomi ya chuma ikikuzwa hadi ukubwa wa uwanja wa mpira, kiini chake kitakuwa punje ya mtama iliyowekwa katikati ya uwanja. Kukizunguka kuna elektroni. Neno “nyuklia” maana yake ni “cha kiini”, basi. Kukipasua kiini ni kazi moja, nayo ndiyo ya mabomu na vinu vya umeme. Kukisikiliza ni kazi nyingine kabisa.

Huenda wewe mwenyewe umeshasikilizwa viini vyako. Kipimo cha MRI hospitalini hufuata viini vya haidrojeni vilivyomo kwenye maji ya mwili. Felix Bloch na Edward Purcell walipoigundua namna ya kuvisikia mwaka 1946, jina la kitaalamu lilikuwa na neno “nyuklia” ndani yake. Mbinu ilipoingia hospitalini neno hilo liliondolewa, kwa kuwa lilikuwa linawatia wagonjwa hofu. Kumbe MRI haitumii mionzi ya aina ile inayotoka kwenye urani au hata kwenye eksirei. Hatari yake kubwa ni sumaku yenyewe, inayoweza kuvuta mtungi wa gesi ukaruka chumbani.

Sasa tuje kwenye usumaku. Usumaku wa chuma hautoki kwenye kiini, unatoka kwa elektroni. Kila elektroni ni kisumaku kidogo. Kwenye atomi nyingi elektroni hukaa wawili wawili, mmoja akielekea juu na mwenzake chini, wakafutana. Kwenye chuma, nikeli, kobalti na manganizi wapo wanaobaki bila wenza, kwa hiyo atomi nzima inakuwa kama sindano ya dira. Habari yote ya sumaku ni habari ya jinsi sindano hizo zinavyopatana, au zinavyoshindwa kupatana.

Sumaku ya mkononi, na hata vipimo vingi vya maabara, hujumlisha. Havioni atomi moja moja, vinaona jumla. Ni sawa na mtu aliyesimama mbali sana na umati, anayeweza kujua jambo moja tu: umati kwa ujumla unasogea upande gani. Akikuambia “hausogei”, amekuambia nini hasa?

Huenda uwanja ni mtupu. Hiyo ndiyo sifuri ya kwanza, sifuri ya dhahabu na sukari, ambako hakuna sindano za dira za kujipanga. Huenda pia ni Kariakoo saa sita mchana: watu maelfu, kila mmoja na njia yake, ukijumlisha hakuna aliyekwenda popote. Sifuri hii ya pili ni ya vitu viitwavyo paramagneti, ambavyo sindano zimo lakini joto linazitikisa ovyo. Na sifuri ya tatu ni mchezo wa kuvuta kamba kati ya timu mbili zenye nguvu sawa. Kamba haisogei hata kidole, lakini hakuna aliyelala pale. Kila mtu amekaza misuli na nidhamu ni kamili. Vitu vya namna hii huitwa antiferomagneti: sindano moja juu, jirani yake chini, kwa mpango madhubuti kuliko wa jeshi. Sumaku ya mkononi haiwezi kuzitenganisha sifuri hizi. Kwake zote ni kitu kimoja.

Kinacholeta ugumu zaidi ni kwamba vitu huhama. Itupe ile sumaku ya spika ndani ya jiko la mkaa lililokolea, ikipoa utaikuta imekufa. Ikipita takriban nyuzi 450 za Selsiasi, mpangilio wa sindano zake unavunjika, na ikipoa sindano zinajipanga upya kimakundi makundi, kila kundi na mwelekeo wake. Chuma kitupu huvumilia hadi nyuzi 770. Wahunzi wa visu huutumia ukweli huu: wanakigusisha chuma chekundu na sumaku, na kisiponasa wanajua joto limekaribia la kukizamisha. Kiwango hicho huitwa joto la Curie, kwa heshima ya Mfaransa Pierre Curie. Vitu vingine hubadilika vikigandamizwa, vingine vikisagwa kuwa chembe ndogo, vingine vikiongezewa kiasi kidogo cha madini mengine. Ili kuyafuata mabadiliko hayo hadi ndani, unahitaji mtu aliyeko ndani ya umati, aliyebanwa begani na jirani zake. Kiini cha atomi ndiye mtu huyo.

Kumsikia kuliwezekana kwa ajili ya kijana mmoja wa Kijerumani, Rudolf Mössbauer, aliyekuwa akifanya utafiti wa shahada yake ya uzamivu mjini Heidelberg mwishoni mwa miaka ya 1950. Kiini chenye nishati ya ziada huitoa kwa mwali wa gama, aina mojawapo ya mionzi. Kiini kingine cha aina ileile kinaweza kuumeza mwali huo, lakini kwa sharti moja: nishati ilingane kabisa, bila pungufu. Na hapo palikuwa na kikwazo. Ruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda gatini: mtumbwi unarudi nyuma, sehemu ya nguvu yako inaishia huko, nawe unaangukia majini. Kiini nacho hurudi nyuma kinapotoa mwali, na mwali unapungukiwa. Mössbauer aligundua kwamba kiini kilichokazwa ndani ya fuwele huweza kuruka kama abiria wa meli kubwa. Meli haitikisiki, na mruko unafika wote. Mwaka 1961 alipewa Tuzo ya Nobel akiwa na umri wa miaka 32.

Yeye alitumia metali iitwayo iridi. Bahati kubwa ya dunia ilikuja pale ilipoonekana kwamba chuma chenyewe kinaifanya kazi hii vizuri kuliko vyote. Kati ya kila atomi 100 za chuma cha kawaida, 2 hivi ni za aina iitwayo chuma-57. Msumari ulio mlangoni kwako unazo, damu yako inazo. Chanzo cha mwali ni kobalti-57, ambayo hugeuka polepole kuwa chuma-57 na kupungua kwa nusu kila baada ya siku 272 hivi. Mwali unaotoka ni sahihi kiasi kwamba badiliko la nishati dogo kuliko sehemu 1 kati ya trilioni 1 linaonekana.

Utalibadilishaje jambo kwa kiasi kidogo hivyo? Kwa mwendo. Honi ya basi linalokujia husikika nyembamba, na basi likishapita inakuwa nzito. Basi la maabara ni kile kipande cha kobalti, kinachosogezwa mbele na nyuma kwa milimita chache tu kwa sekunde, mwendo ambao hata konokono hauonei wivu. Kwa kila kasi mtafiti anahesabu miali mingapi imepita kwenye sampuli na mingapi imemezwa. Anachora mstari. Palipomezwa miali mingi mstari unazama, unafanya bonde.

Mabonde hayo ndiyo ushahidi. Kama hakuna usumaku unaokibana kiini cha chuma, utapata bonde moja au mawili. Kama elektroni zinazokizunguka zimejipanga na kutulia, bonde linagawanyika kuwa sita, na umbali kati ya la kwanza na la mwisho unakuambia nguvu ya usumaku unaohisiwa pale pale kwenye kiini. Ndani ya chuma cha kawaida nguvu hiyo ni tesla 33, tesla ikiwa ni kipimo cha nguvu ya usumaku. Mashine nyingi za MRI ni za tesla 1.5. Maana yake, viini vya msumari mpya, ambao haunasi hata pini, vinakaa ndani ya usumaku unaozidi wa hospitali mara 20. Msumari unaonekana bubu kwa kuwa umegawanyika maeneo maeneo, kila eneo likivuta kwake. Nilipolielewa jambo hili kwa mara ya kwanza nilibaki nauangalia msumari mkononi kwa muda.

Pasha chuma hicho moto huku ukiendelea kupima, na mabonde sita yanasogeleana kadiri joto linavyopanda. Kwenye nyuzi 770 yanaungana kuwa moja. Umeuona usumaku ukizimika toka ndani, hatua kwa hatua.

Turudi kwenye udongo mwekundu. Madini yanayoupa rangi ni hematiti, nyekundu, na gethiti, ya manjano kahawia. Yote mawili ni ya mchezo wa kuvuta kamba. Kiini cha chuma ndani ya hematiti kinahisi tesla zaidi ya 50, nyingi kuliko ndani ya chuma chenyewe, ingawa nje sumaku ya mtoto haioni kitu cha maana. Ni sifuri ya tatu.

Hematiti ina kisa chake zaidi. Katika joto la kawaida timu zake mbili hazivuti sawasawa kabisa, zimepinda kidogo upande mmoja, ndiyo maana inabaki na chembe ya usumaku hafifu. Ishushe chini ya nyuzi 13 za baridi, yaani 13 chini ya sifuri, na sindano zote zinageuka karibu robo duara, zinavuta moja kwa moja, na usumaku ule hafifu unatoweka. Friza ya nyumbani hufika nyuzi 18 za baridi. Kwa hiyo kipande cha hematiti safi, yenye fuwele kubwa, kinaweza kupitia mapinduzi haya pembeni ya samaki wako waliogandishwa, bila kubadilika rangi wala umbo. Kiini cha chuma hulitolea taarifa papo hapo, kwa kuwa mabonde yake husogea.

Lakini watafiti wa udongo walipoweka sampuli zao kwenye mashine, mara nyingi walikuta mabonde mawili tu, kana kwamba ni Kariakoo, si kamba. Sababu yake ni ukubwa wa chembe. Chembe nyingi za madini hayo ya chuma udongoni ni za nanomita 10 hivi, ndogo kiasi kwamba chembe 100,000 zikipangwa mstari zinafanya milimita 1. Kwenye chembe ndogo hivyo, joto la kawaida linatosha kuigeuza timu nzima: waliokuwa wanavuta kushoto wanavuta kulia, kisha tena kushoto, kwa pamoja, mamilioni ya mara kwa sekunde na zaidi.

Fikiria pangaboi. Likizunguka kwa kasi unaona duara la ukungu, hutaji mabapa ni mangapi. Lipige picha kwa kamera ya kasi sana na mabapa yanaonekana yametulia. Kila mbinu ya kinyuklia ni kamera yenye kasi yake. Chuma-57 hukaa na nishati yake kwa muda wa takriban sehemu 1 ya milioni 10 ya sekunde kabla ya kuitoa. Usumaku ukigeuka haraka kuliko muda huo, kiini kinaona ukungu, yaani mabonde mawili. Udongo ukipoozwa kwa naitrojeni iliyo kimiminika hadi nyuzi 196 za baridi, au kwa heli karibu na 269, pangaboi linapunguza mwendo na mabonde sita yanajitokeza. Udongo ni uleule. Kwa kuangalia ni kwenye joto gani mabonde yanatokea, mtafiti anakadiria ukubwa wa chembe ambazo hadubini ya kawaida haiwezi kuziona.

Hapa ndipo watu wengi, hata wasomi, huchanganyikiwa. Swali “hiki kina usumaku au hakina?” halina jibu mpaka useme umekiangalia kwa muda gani.

Mbinu hii imefika hata Mirihi. Magari ya Marekani, Spirit na Opportunity, yalitua huko Januari 2004, kila moja likiwa limebeba mkononi kifaa cha Mössbauer kilichotengenezwa mjini Mainz, Ujerumani. Opportunity ilikuta jarositi, na Spirit ikakuta gethiti, ile ile ya udongo wetu. Hayo ni madini ambayo maji yanahusika katika kuumbwa kwake, kwa hiyo yakawa ushahidi mzito kwamba maji yaliwahi kuwapo pale. Kobalti ya magari hayo iliendelea kupungua kwa nusu kila siku 272 kama desturi yake, na kila mwaka uliopita kipimo kimoja kilihitaji muda mrefu zaidi.

Kiini cha chuma si shahidi pekee. Nyutroni, moja ya vijenzi vya kiini, haina chaji, hivyo hupenya chuma kama mtu asiyedaiwa anavyopita mtaani. Lakini yenyewe ni kisumaku, na ikipita karibu na atomi yenye usumaku inapindishwa. Ukitazama nyutroni zimetawanyikaje baada ya kupita kwenye sampuli, unasoma ramani ya sindano zote. Mwaka 1949 Clifford Shull na mwenzake Samuel Smart walifanya hivyo huko Oak Ridge, Marekani, kwa oksidi ya manganizi. Chukua uzio wa mbao zilizopakwa nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Asiyeona rangi atasema mchoro unarudia kila ubao. Anayeona rangi atasema unarudia kila mbao mbili. Nyutroni ziliona rangi: oksidi ilipopoozwa, dalili za marudio ya mbao mbili zikajitokeza. Kamba na timu zake, ambazo Mfaransa Louis Néel alizitabiri kwa hesabu miaka ya 1930, sasa zilikuwa zimeonekana. Néel alipata Nobel mwaka 1970. Shull alisubiri hadi 1994.

Mbinu ya tatu ni ya muoni, kichembe kinachofanana na elektroni kwa tabia ila kizito mara 207 hivi. Kinapandikizwa ndani ya sampuli kikiwa na mwelekeo unaojulikana, kinazunguka kwa kufuata usumaku wa pale kilipotua, na baada ya wastani wa sehemu 2.2 za milioni ya sekunde kinavunjika na kurusha positroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, mara nyingi kuelekea kule kilikokuwa kimeelekea. Maabara za kazi hii ni chache, kama vile Taasisi ya Paul Scherrer huko Uswisi na ISIS huko Uingereza. Muoni husikia usumaku dhaifu sana, hata pale ambapo hakuna chuma.

Je, muoni ni hatari? Kunjua kiganja chako. Muoni zinazozaliwa juu angani na miale ya kutoka anga za mbali hupita ndani yake, moja hivi kwa kila sekunde, mchana na usiku, tangu ulipozaliwa.

Hofu nyingine ni kwamba kitu kikipimwa kinyuklia kinabaki na mionzi. Kwa mwali wa Mössbauer, hapana, hauna nguvu ya kugeuza kiini cha sampuli kuwa cha mionzi. Kwa nyutroni, ndiyo, inaweza kutokea, na ndiyo maana sampuli hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kutoka maabara. Chanzo cha kobalti kinahitaji leseni na uangalizi kama vyanzo vingine vya mionzi, kazi ambayo kwa Tanzania iko mikononi mwa Tume ya Nguvu za Atomiki. Tahadhari hizi ni za kweli na hazifanyi mbinu kuwa bomu.

Na wale wanaouza vikuku vya sumaku stendi, wakisema vinavuta chuma cha damu ili mzunguko uwe mzuri? Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba damu iliyobeba oksijeni haina usumaku wa kuvutwa na sumaku. Oksijeni ikishaachiwa, chuma chake kinakuwa paramagneti, watu wa Kariakoo, wenye mvuto dhaifu mno. Badiliko hilo ni dogo lakini ni la kweli, na tangu miaka ya 1990 limetumika kuifanya MRI ionyeshe ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi. Ila mgonjwa analala ndani ya tesla 1.5 au 3 na damu yake inaendelea na njia zake. Kikuku hakiikaribii nguvu hiyo hata kwa mbali.

Kwetu habari hii ina upande wa mfukoni pia. Sumaku kali za motori za magari ya umeme zimetengenezwa kwa neodimi, chuma na boroni, na ni nyutroni zilizosaidia kuonyesha mwaka 1984 atomi zake zimekaaje na kwa nini zinashikana hivyo. Neodimi ipo Ngualla, mkoani Songwe. Anayechimba mawe na kuyauza anahitaji mizani. Anayetaka kutengeneza sumaku isiyokufa ndani ya motori iliyochemka anahitaji kujua sindano zinavunjika mpango kwenye joto gani na kwa nini, na elimu hiyo inasomwa kwa mbinu hizi.

Ukiwa na ile sumaku ya spika, jaribu jambo moja. Chukua udongo mwekundu ambao sumaku haikuunasa, uchanganye na unga wa mkaa, utie kwenye kopo la bati lenye mfuniko usiobana sana, ulifukie kopo katikati ya makaa kwa saa moja na uliache lipoe. Mkaa utakuwa umenyang'anya madini sehemu ya oksijeni yake, na baadhi ya hematiti imegeuka kuwa magnetiti, ambayo timu zake mbili za kamba hazina nguvu sawa. Pitisha sumaku juu yake. Ndevu zitaota. Ukikosa kopo, chimba kidogo chini ya mafiga yaliyopikiwa miaka mingi, maana udongo wa pale mara nyingi umeshafanyiwa kazi hiyo.